Nyumba ya Pili Kule Rugu

Mwanangu Idrisa,

Habari za mzigo, chakula cha njiani na blanketi umekwisha kuzisikia kwa mama yako, tena zaidi ya mara tatu, na mimi nikiziongeza utatoroka kabla ya alfajiri. Basi hayo nayaacha. Sasa ni alasiri. Wewe umekwenda kuwaaga rafiki zako, mimi duka nimelifunga mapema, na wateja wawili wamekwisha kugonga mlango na kuondoka wakinung'unika. Wanung'unike. Nina saa chache za kukueleza jambo ambalo nilipaswa kukueleza siku ile tulipotoka barazani kwa mkungu, mkubwa wa sehemu yetu. Badala yake nilikufokea njia nzima mpaka tukafika hapa Nyaishozi.

Siku hiyo unaikumbuka. Mkungu alisimama mbele ya watu wote wa sehemu yetu, akatangaza kwamba boma la Bukoba limekuchagua wewe uende shule ya serikali huko pwani, ukajifunze ukarani. "Safari yake, chakula chake, nguo zake na mwalimu wake," alisema, "vyote vinatoka katika kodi ya nchi. Baba yake hatatoa hata pesa moja." Mimi nilikuwa nimekaa mbele na kanzu yangu ya Idi, nimevimba kama jogoo. Ndipo Mama Bitegeko, yule mjane wa Rugu, akasimama kule nyuma walikokaa wanawake.

"Waitu, bwana wangu, naomba kuuliza," alisema kwa adabu kabisa. "Kodi ya nyumba ya marehemu wangu, nayo imo katika safari ya mtoto huyu?"

Watu wakacheka. Mkungu naye akacheka, akaendelea na mengine. Tulipokuwa njiani ukaniuliza, "Baba, nyumba ya marehemu ndiyo ipi?" Nikakuambia ufunge mdomo, na kwamba mtu anayekwenda shule hapaswi kusikiliza maneno ya wanawake wa migombani. Nisamehe kwa maneno yale, mwanangu. Hujawahi kuniuliza swali zuri kuliko lile, na jibu lake nilikuwa nalo mdomoni.

Unajua kwamba kodi ya nyumba ilipoletwa huku, mkungu alitafuta mtu wa kuandika nyumba zote, akanipata mimi. Nilikuwa muuza chumvi na nguo, mtoto wa mtu wa pwani aliyekuja na misafara akabaki, na sikuwa na sifa nyingine ila kujua kuandika. Ghafla nikawa karani. Watu wakaanza kuniamkia kabla sijawaamkia. Kijana aliyekuwa akinibebea daftari alinitangulia akipiga kelele, "Karani anakuja!" na mimi simkatazi. Nakuambia ukweli huu kwa sababu nawe unakwenda kujifunza kazi ile ile, na huko pia kutakuwa na mtu wa kukubebea daftari.

Amri ya boma ilikuwa fupi: kila nyumba yenye paa na mlango iandikwe. Na watu nao walikuwa na hila zao. Wengine walijibana watu kumi katika msonge mmoja, nyumba ya pili wakaijaza majani na kusema ni ghala. Nilikamata wawili watatu kwa hila hizo nikajiona nina macho ya mwewe. Nilipofika Rugu nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu.

Uani kwa Mama Bitegeko kulikuwa na msonge wake mkubwa, na mbele yake, karibu na migomba, kijumba cha nyasi. Hapa Karagwe unajua watu wengi wanavyo vijumba vya namna hiyo, vya kuwakumbuka wazee wao waliokufa. Vingi ni vidogo, hata kuku hageuki ndani. Lakini mume wake alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na walimjengea kikubwa, mtu mzima anaweza kuinama akaingia. Ndani kulikuwa na mkuki wake, kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi aliyoipenda, na nyasi safi zilizotandikwa chini.

"Hii ya nani?" nikamwuliza.

"Ya mume wangu."

"Si amekufa?"

"Amekufa, ndiyo. Anakaa humu."

Nikacheka. Usidhani sikuelewa, Idrisa. Kwa siku nyingi nimejidanganya kwamba sikuelewa. Mama yako ni Mnyambo, mzaliwa wa huku, na tangu nimwoe ameniambia habari za vijumba hivyo mara nyingi. Nilielewa vizuri. Ila nilisimama pale na kalamu yangu nikajenga hoja yangu, nikaiona tamu: mimi ni Mwislamu, mizimu siiamini, basi humu ndani hakai mzimu. Ikiwa hakai mzimu, hii ni nyumba tupu. Na nyumba tupu yenye paa na mlango ni nyumba. Nikaandika: *Mjane, Rugu, nyumba mbili.* Hata jina lake sikuuliza.

Alipoelewa nilichoandika, aliniomba. Nikamwambia jambo ni rahisi, akibomoe, nami nitakifuta. Akasema, "Nimtoe mume wangu nje, mvua inyeshe juu yake?" Nikapandisha mabega nikaenda nyumba ya jirani.

Akalipa. Mwaka wa kwanza alilipa kwa kahawa yake yote, hata ile ya kutafuna ya wageni, na kwa mtu wa huku kukosa kahawa ya kumpa mgeni ni aibu kubwa. Mwaka wa pili mbuzi wakaenda. Mwaka wa tatu hakuwa na kitu, na asiye na kitu hulipa kwa kazi, kwa hiyo mwanawe Bitegeko akaenda kubeba mawe ya barabara ya boma. Ndiyo sababu uliacha kumwona hapa dukani, yule mliyekuwa mkicheza bao mpaka nawafukuza. Uliniuliza yuko wapi, nami nikasema sijui. Nilijua. Jina lake nililiandika kwa mkono wangu.

Sasa turudi siku ile ya baraza. Usiku wake sikula, na mama yako hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya, maana kwa kufokeana sisi wawili tumezoeana. Alikaa akimenya ndizi za kesho, akasema taratibu, "Wewe huiamini mizimu, sawa. Lakini serikali imepokea kodi ya mtu ambaye wewe unasema hayupo, na mwanao anakwenda kusomeshwa kwa kodi hiyo. Niambie wewe msomi, hiyo ni mali ya nani?"

Nikamjibu ovyo. Nikamwambia serikali itachukua kodi shule iwepo isiwepo, na afadhali kitu kimoja kirudi katika nchi kwa umbo la kijana anayejua kusoma. Hayo yalikuwa maneno ya mkungu, na wala si maneno mabaya. Mpaka leo naona yana kweli ndani yake. Lakini nilipoyasema kwa mdomo wangu, mbele ya mama yako, niliyasikia yananuka. Nilikuwa nayatumia kama mtu anavyotumia jamvi kufunika shimo.

Nikajaribu njia ya mkato. Nikachukua nguo nzuri, kaniki mpya kabisa, nikaituma Rugu bila maneno. Kesho yake Bitegeko akaja nayo, bega moja limeshuka kwa mawe aliyobeba. Akaniamkia, "Shikamoo," akaiweka juu ya meza. "Mama amesema nguo hii hakuiomba." Nikamwuliza habari za bega. Akasema linapona. Nikataka kumwambia neno, nikaishia kumpa chumvi, naye chumvi akaikubali, pengine kwa kunihurumia.

Basi nikaenda mwenyewe. Nilimwambia Mama Bitegeko kwamba kuanzia sasa kodi ya nyumba ya pili nitailipa mimi, kimya kimya, asiwe na wasiwasi. Nilidhani atashukuru. Akakasirika zaidi ya siku ile niliyoandika.

"Ukinilipia wewe," akasema, "nitakuwa naishi kwa huruma yako, na siku ukifa huruma imekwisha. Mimi nataka daftari liseme kweli."

Nikasema daftari likiguswa, boma litauliza kwa nini, na mtoto wangu anaweza kunyang'anywa nafasi.

"Sikatai mtoto wako asome," akajibu. "Nani asiyetaka nchi yake iwe na mtu anayejua? Lakini mimi nimetoa mtoto akabebe mawe, wewe umetoa mtoto akashike kalamu, na kodi ni hiyo hiyo moja. Sasa niambie, akirudi atakuwa wa nani? Atakuwa wako, au atakuwa wetu? Au atakuja na kalamu nzuri zaidi kuhesabu mizimu iliyobaki?"

Nikaaga. Nilirudi nyumbani, na kwa siku nyingi baada ya hapo mlikuwa mkinisemesha na mimi sisikii. Mlidhani naumwa. Nilikuwa nakuangalia wewe ukifanya mazoezi ya herufi za Kidachi, lugha ya boma, kwa mkaa nyuma ya duka, ulimi nje, na nilikuwa najiuliza kama nina haki ya kuihatarisha furaha ile kwa ajili ya kijumba cha nyasi. Nilikupenda nikawa mwoga. Mtu anaweza kukudhulumu kwa chuki akajua anachofanya. Mimi nilidhulumu kwa jeuri kwanza, kisha nikaendelea kudhulumu kwa mapenzi, na hilo la pili ndilo lililokuwa gumu kuacha, kwa sababu lilinipa sura ya baba mwema.

Mwezi uliopita niliwaambia nakwenda Bukoba kuuza ngozi. Ngozi nilizichukua, ndiyo, lakini nilikwenda bomani. Njia nzima nilikuwa nafikiri habari ya hamsa ishirini, vile viboko wanavyochapwa makarani waongo, na mgongo wangu si wa kijana tena. Lakini nikuambie jambo la ajabu: niliogopa zaidi kwamba watalifuta jina lako. Nilipopita kilima cha mwisho na kuliona ziwa, nilikaa chini nikataka kurudi. Nikakumbuka bega la Bitegeko, nikasimama.

Bwana mkubwa wa boma, Mdachi, alinisikiliza kupitia kwa mkalimani. Nilisema yote: nyumba, mkuki, kibuyu, hoja yangu tamu. Alikunja uso mpaka nikaanza kuvua koti moyoni. Akauliza niliandika nyumba ngapi za namna hiyo. Nikasema ninayoijua ni hiyo moja, na kwamba nyingine nimekwisha kuzizungukia tena kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba, kabla sijaja. Akachukua daftari, akaukata ule mstari kwa kalamu, akampa karani wake aandike mwingine, akasema kitu kifupi. Mkalimani akanieleza: "Kuanzia leo wewe si karani."

Kisha akauliza swali jingine, na ndani yake nilisikia jina lako. Mkalimani akasema, "Bwana anauliza, na mtoto wako anahesabu hivi hivi?"

Nikajibu kabla sijafikiri, "Ndiyo sababu nampeleka shule."

Mkalimani alicheka kwanza, akatafsiri baadaye. Yule bwana hakucheka, lakini alipunga mkono kwamba niende, na jina lako halikuguswa. Nilitoka nje nikaketi ukutani nikacheka peke yangu mpaka askari akaja kuangalia kama nimelewa. Tangu siku ulipozaliwa, mwanangu, sijawahi kuona hewa inaingia kifuani vizuri namna ile. Nilikuwa nimepoteza cheo, nimepoteza mshahara, mgongo wangu mzima, na wewe unakwenda. Mama yako anasema nilirudi nikiimba, nami mwanzoni nilikataa, lakini nadhani ni kweli.

Jambo moja sikulipata. Nilimwomba yule bwana kwamba kodi aliyokwisha kulipa Mama Bitegeko irudishwe. Akasema iliyokwisha kuingia haitoki. Kwa hiyo usijidanganye kama nilivyojidanganya mimi. Kahawa ile, mbuzi wale na mawe yale aliyobeba Bitegeko vimo ndani ya safari yako. Vimo katika nauli ya meli utakayopanda ziwani, na katika gari la moshi upande wa Waingereza, na katika ubao utakaoandikia huko pwani. Vimo pia vya watu wengine ambao sikuwadhulumu kwa kalamu, waliolipa kwa haki kama amri ilivyo, lakini walilipa, na watoto wao wako shambani.

Kama jambo hili ni haki, sijui. Nimeligeuza kila upande. Mtu wa Rugu atoe kahawa yake ili mtoto wa muuza duka wa Nyaishozi asome: ukilisema hivyo ni uonevu mtupu. Ukisema tena kwamba nchi isiyo na watu wake wa kusoma itaendelea kuandikwa na watu kama mimi, unaona si uonevu tu, kuna jambo jingine ndani yake. Hizo mbili zote ni kweli na zimenikalia kifuani pamoja, na nimechoka kuzipiganisha. Wewe una akili changa, huenda ukaona njia. Nisichotaka ni wewe usahau moja kati ya hizo mbili. Nilipokuwa karani niliisahau ya kwanza, nikalala vizuri sana.

Niliporudi kutoka Bukoba nilipitia Rugu kabla ya kufika nyumbani. Nikamwambia mstari umekatwa. Hakuruka, hakulia. Alikwenda akainama kwenye kile kijumba, akasema maneno ndani ambayo sikuyasikia, na mimi nikasimama pale uani nimeinamisha kichwa. Mizimu siiamini hata leo, lakini nilikiinamisha. Kisha akanikaribisha, akaleta kahawa ya kutafuna katika jani la mgomba. Alikuwa nayo tena. Nilitafuna taratibu kwa sababu macho yalikuwa yananiuma.

Nikamwambia kwamba ya nyuma hayatarudi, na kwamba nitampa mimi chochote anachotaka. Akasema anataka mambo mawili. La kwanza, Bitegeko aje hapa dukani kila asubuhi nimfundishe kusoma, "kwa kuwa wewe sasa huna kazi." Mdomo anao, mama huyo. Basi mahali pako kwenye mkeka hapatakaa patupu. Keshokutwa ataanza, na bao lenu nimempa alitunze, mtaendelea ukirudi.

La pili ni lako, na nimelikubali kwa niaba yako bila kukuuliza. Anataka siku utakaporudi, uwe umevaa utakavyovaa na uwe umekuwa bwana mkubwa wa namna yoyote, ufike kwanza uani kwake. Usije kwanza kwangu. Ataita majirani. Uwe umepita bomani na kuliona daftari la Rugu, uje uwasomee, kila mtu asikie kilichoandikwa juu ya nyumba yake, maana mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia. Nilimwuliza kama hiyo tu inatosha. Akasema, "Itatosha. Hapo ndipo nitajua ni wa nani."

Nasikia sauti yako huko nje, unamtania mama yako na yeye anajifanya anacheka. Mwadhini atatuita Magharibi sasa hivi. Kesho nitakusindikiza mpaka mtoni na sitasema neno lolote la maana; yote nimeyaandika humu. Barua hii utaifungua ukiwa melini. Katika mzigo wako kuna furushi la jani la mgomba lililofungwa kwa kamba. Usilifikirie kuwa la mama yako. Ni kahawa ya Rugu. Itafune kidogo kidogo.

Mungu akuweke. Na siku hiyo ya kurudi, ukifika kwenye mstari wa Mama Bitegeko, usome kwa sauti ya kusikika mpaka migombani. Safari hii niliuliza jina lake kabla ya kwenda bomani, nikamwona karani wa boma akiliandika. Soma hivi: Kokuhirwa, Rugu, nyumba moja.

Baba yako,
Salimu wa dukani, asiye karani tena